Mgongo wa Nyamizi

Kila kulipokucha, kina mama wa kijiji cha Mapambano walipita kwa Swaumu kabla ya kwenda shamba. Kila mmoja alikuwa na jembe begani na mtoto mkononi. Jembe walikwenda nalo. Mtoto walimwacha.

"Shikamoo, Mama Swaumu," watoto waliamkia, sauti zikiwa bado na usingizi.

"Marahaba. Wewe, futa kamasi. Ingieni ndani. Kaeni sawasawa."

Huko ndani kulikuwa ndani ya bani. Bani ni jengo la kukaushia tumbaku. Hili lilikuwa la matofali ya kuchoma, kuta nene, mlango mmoja, na tundu dogo juu badala ya dirisha. Nyumba nyingine zote za kijiji zilikuwa za miti na udongo. Wanakijiji walipojenga mabani mapya, hili la zamani waliwapa watoto. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Waliwapa watoto wao jengo zuri kuliko yote waliyokuwa nayo.

Swaumu alilipenda bani lile. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa Chemchem, Tabora, binti wa Mzee Mabruki fundi cherehani. Alikuja Mapambano pamoja na mumewe, Shomari, watu walipohamia vijiji vya ujamaa. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa kampeni ya usafi ya Mtu ni Afya, na jioni watu walikusanyika kusikiliza mafunzo yake redioni.

Utotoni Swaumu aliishia darasa la pili. Mama yake alijifungua, na Swaumu akaambiwa abaki nyumbani abebe mtoto. Alipomaliza kumbeba huyo, akaja mwingine. Kusoma alikuja kujua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo kijiji kilipotafuta mlezi wa watoto wadogo, alisimama kabla hajaitwa.

"Wasichana wa hapa wasome," alisema. "Niachieni mimi wadogo zao."

Na kazi aliifanya kwa moyo wote. Aliwakalisha watoto chini kwa mistari. Aliwaimbisha a, e, i, o, u mpaka jua likapanda. Mtoto akigusa udongo, alipigwa kofi mkononi.

"Kwetu mjini mtoto mwenye adabu hachezi na udongo," aliwaambia.

Lakini watoto hawakupendeza. Walilia. Walikohoa. Walishika vichwa. Anton, mtoto wa miaka minne, alitapika karibu kila asubuhi. Tena Anton hakusema neno. Akiulizwa, alitazama miguu yake. Wengine walisema ana mchango tumboni. Wengine walisema ni bubu.

Siku moja mama yake alikuja, akamchukua.

"Basi, Mama Swaumu," alisema. "Huyu nitamwacha nyumbani na dada yake."

Dada yake ni Nyamizi, wa darasa la tatu. Kesho yake Swaumu alimkuta Nyamizi ameketi mlangoni kwao, Anton amefungwa mgongoni kwa kanga. Huko shuleni kipande cha reli kiligongwa, nayo ndiyo kengele. Wenzake walipita mbio. Nyamizi aliwasindikiza kwa macho.

Swaumu aliujua mtazamo ule. Moyo ulimuuma, halafu ukawaka. Alikwenda moja kwa moja shambani.

"Mama Nyamizi, umemtoa mtoto shule?"

"Nifanye nini?" mama alijibu bila kuacha kulima. "Baba yao hayupo. Shamba halinisubiri. Na kwako mtoto anaumwa."

"Nyamizi ana akili."

"Najua ana akili! Unadhani mimi sioni? Nipe pa kumweka Anton, nami nitamrudisha Nyamizi shule leo hii."

Haukupita muda, mama wawili wengine wakawatoa watoto wao. Dada zao nao wakaacha shule. Ndugu Raymundi, mwenyekiti wa kijiji, akamwita Swaumu.

"Dada yangu, kazi yako ni nzuri, lakini watoto wanaumwa. Tukianza kuchuma tumbaku nitalifunga lile bani. Kila nyumba itajua namna yake."

"Namna yao ni migongo ya wasichana, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi niletee namna nyingine."

"Nitakuletea," alisema Swaumu.

Alfajiri iliyofuata alitembea kwa miguu hadi stesheni ya Igalula, akapanda treni kwenda Tabora.

"Sema tu umekumbuka pilau ya kwenu," Shomari alimtania.

"Pilau nitakula. Lakini nitarudi na mtu."

Alirudi na Bi Tekla. Bi Tekla alikuwa mwalimu wa kuwafundisha walezi wa watoto wadogo huko mjini. Alizaliwa karibu na Kipalapala, alijua Kinyamwezi, na alivaa viatu vya kutembelea. Hakutoa hotuba. Aliingia ndani ya bani, akaketi chini na watoto. Baada ya muda alitoka, akajishika kipaji cha uso.

"Mwenzangu," alisema, "kichwa kinanipasuka. Wewe hakikuumi?"

"Kinaniuma kila siku. Nilidhani ni kelele za watoto."

"Si kelele. Tumbaku imekaushwa humu miaka mingi. Vumbi lake na moshi wake vimeingia ukutani na sakafuni. Tumbaku ina sumu. Sisi watu wazima inatuumiza vichwa. Mtoto mdogo anatapika. Tena hewa haipiti. Watoto wasiingie humu tena, hata mvua inyeshe."

Swaumu alikumbuka asubuhi zote alizomfuta Anton matapishi na kumrudisha ndani. Aliona aibu.

"Sasa niwapeleke wapi? Hatuna jengo jingine."

"Nani kakwambia unahitaji jengo?" Bi Tekla alinyoosha mkono kuelekea ukingo wa pori, penye miti ya mininga na kijito chembamba. "Darasa lako lile pale."

"Porini?" Swaumu alishtuka. "Bi Tekla, mimi ni mlezi. Sikuja huku kuchunga mbuzi. Pale kuna nyoka. Na watajifunza nini, kula udongo?"

"Nyoka tutamfanyia kazi. Udongo tutaufanyia kazi pia. Lakini nikuulize. Mtoto wa miaka minne anajifunza kwa kitu gani?"

"Kwa masikio. Anasikiliza mwalimu."

"Kwa masikio, ndiyo. Na kwa mikono, na miguu, na pua. Anashika, ananusa, anapanda, anauliza. Ukimkalisha gizani siku nzima, umemwachia masikio tu. Vingine vyote umevifunga kamba. Wanasema udongo uwahi ungali maji. Sisi tumeuweka ndani ya bani ukauke!"

Swaumu alicheka, ingawa hakutaka.

Siku hiyohiyo wakaanza. Shomari na wanaume wachache walifyeka majani, wakafukia mashimo, wakaondoa magogo makavu ambamo nyoka hupenda kulala. Walifunga kamba za magome kutoka mti hadi mti kuonyesha mpaka. Bi Tekla alimwonyesha Swaumu jinsi ya kuanza siku.

"Kabla mtoto hajafika, wewe pita kwanza na fimbo. Piga majani, kagua kila mahali. Mtoto asivuke kamba bila mtu mzima. Asitie mkono shimoni. Asile tunda wala uyoga bila kukuonyesha. Kijitoni mtu mzima asimame kati ya maji na watoto. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa. Na kabla ya uji, wote wanawe mikono kwa sabuni."

"Na watoto wakiwa wengi?"

"Usiwe peke yako. Kila siku mama mmoja abaki kukusaidia, kwa zamu. Hiyo nayo ihesabiwe kuwa kazi ya ujamaa."

Kisha watoto wakaja. Mwanzoni walisimama wima kama walivyozoea, wakisubiri kuambiwa kaeni. Hakuna aliyewaambia. Mmoja akaokota kokoto. Mwingine akachuchumaa kuangalia siafu. Punde wote walikuwa wametawanyika ndani ya kamba.

Mama Nyamizi alikuwa amekubali kumleta Anton kwa siku chache tu, ajaribu. Anton alikwenda ukingoni mwa kijito, akachuchumaa kwenye tope. Swaumu alisimama kati yake na maji. Nyuki walikuwa wakitua kunywa. Anton aliwatazama muda mrefu. Halafu akanyoosha kidole.

"Nzuki!" alisema.

Mtoto aliyeitwa bubu alikuwa amesema. Mara ulimi wa mjini ukamtoka Swaumu.

"Si nzuki, sema nyuki."

Anton akafunga mdomo. Bi Tekla alisogea taratibu.

"Mtoto amekupa neno la kwao," alinong'ona. "Lipokee kwanza, kisha umpe lako. Nyumbani kwao wanazungumza Kinyamwezi. Kule banini ulikuwa unamuuliza maswali asiyoyaelewa."

Swaumu alipiga magoti kwenye tope na kanga yake safi.

"Ndiyo, Anton, nzuki. Wanakunywa maji. Mimi kwetu tunawaita nyuki. Nyuki wengi!"

Anton alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nyuki," alisema.

Bi Tekla aliondoka baada ya siku chache. Matatizo hayakuondoka naye. Jioni moja mama mmoja alimwona mwanawe ametapakaa udongo hadi masikioni.

"Mama Swaumu!" alifoka. "Nimekuletea mwanafunzi, unanirudishia mfinyanzi!"

"Amefinyanga vyungu," Swaumu alijibu. "Muulize kipi kikubwa, kipi kidogo, na kipi kitajaza kingine. Udongo utatoka kwa maji. Alichojifunza hakitatoka."

"Na a, e, i, o, u?"

"Zitakuja. Kwanza mkono upate nguvu ya kushika kijiti cha kuandikia."

Usidhani ilikuwa rahisi. Ziko siku mama wa zamu hakutokea, na Swaumu akawarudisha watoto uwanjani kwake, maana peke yake hakuthubutu kuwapeleka kijitoni. Iko siku alimkuta kifutu, nyoka wa sumu, chini ya majani, akamuua kwa fimbo ileile ya kukagulia, kisha akakagua upya kila mahali. Mvua ilipowanyeshea, alimfuata Raymundi hadi nyumbani kwake, akadai nyasi za kuezekea banda lisilo na kuta. Banda likajengwa. Watoto wakawa hawakohoi. Anton akawa hatapiki. Lakini Nyamizi bado alikuwa nyumbani.

"Nitamrudisha vipi?" mama yake alisema. "Mwenyekiti akifunga, nitamtoa tena? Bora asizoee."

Majani ya kwanza ya tumbaku yalipokomaa, Raymundi alikuja na wazee wa kijiji kuamua kama watoto waendelee kulelewa pale. Kina mama walisimama nyuma yao. Nyamizi alikuwepo, amembeba mtoto wa jirani, kwa sababu mgongo ulio wazi hauachwi bure.

Raymundi alitazama huku na huku, akamchagua Anton.

"Wewe, kijana. Nisomee a, e, i, o, u."

Anton akatazama miguu yake. Watu wakaguna. Swaumu alitaka sana kumjibia. Hakumjibia.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "muulize alichokiona leo."

"Haya. Umeona nini leo, baba?"

Anton alimshika Raymundi kidole, akamvuta hadi kijitoni. Swaumu alifuata nyuma. Anton alichuchumaa. Mwenyekiti naye akachuchumaa, maana alikuwa mrina asali, na alikwisha kuwaona nyuki.

"Nyuki wanakunywa maji," Anton alisema. "Wakishiba, wanarudi kwao. Hawapiti huku, hawapiti huku. Wanapita kule." Alinyoosha mkono juu ya miti, upande mmoja tu. "Kwao ni kule."

Raymundi alifuata mkono ule. Nyuki mmoja aliruka, akapita palepale. Akaruka wa pili, akapita palepale.

"Nani kakufundisha?"

"Nimeona."

Raymundi alivua kofia.

"Jamani," aliwaambia wazee, "mimi jambo hili la kuujua mzinga kwa njia ya nyuki nilionyeshwa nikiwa nimeshaota ndevu!"

Watu walicheka. Anton hakucheka, alikuwa bado ana kazi. Aliokota kijiti, akachora kwenye tope lililolainika. Mistari miwili iliyokutana juu, na mmoja katikati.

"Hii ni a," alisema. "Ya Anton."

Mama Nyamizi alikuwa hajawahi kumsikia mwanawe akisema Kiswahili kirefu namna ile. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga, akalia waziwazi.

Raymundi alisimama, magoti yake yana tope.

"Bani libomolewe," alisema. "Na hapa pasifungwe, hata wakati wa kuchuma. Mama wa zamu atahesabiwa kama yuko shamba. Asiyefika zamu atajibu kwangu." Kisha akamgeukia Swaumu. "Mtoto wa mjini, umetuweza."

"Bado, Ndugu Mwenyekiti," Swaumu alisema. "Nataka na wasichana warudi shule."

"Warudi. Kesho."

Kesho yake asubuhi Nyamizi alikuja akiwa na daftari mkononi, Anton mgongoni. Alifungua kanga, akamshusha. Anton alinyoosha miguu, akaingia ndani ya kamba bila kugeuka nyuma.

Nyamizi alibaki amesimama. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa mgongo wake, kama mtu aliyesahau kitu njiani.

"Unatafuta nini?" Swaumu aliuliza.

"Sitafuti kitu, Mama Swaumu. Naona nimekuwa mwepesi."

Huko shuleni kipande cha reli kilikuwa kinagongwa.

"Utazoea," Swaumu alisema. "Kimbia, mwanangu. Kengele hiyo."

Nyamizi akakimbia.