Diski ya Majaribio ya Nyakato

Mwizi alikuwa nadhifu. Katika ofisi ya kampuni moja mtaani Nyakato, Inspekta Sihaba alipiga magoti kando ya kompyuta kubwa iliyofunguliwa ubavu, akaona skrubu nne zimepangwa mezani kwa utaratibu. Diski moja ilikuwa imenyofolewa. Kompyuta mpakato sita za bei mbaya hazikuguswa. Kufuli la mlango lilikuwa zima.

"Ni mlinzi," alisema Dakta Luhende, mkuu wa kampuni. "Mzee Ngosha ana funguo. Wenzako wameshamtia ndani."

"Diski ilikuwa na nini?"

"Kumbukumbu tu. Tunafundisha akili mnemba kutambua dhoruba ziwani kwa picha za mawingu. Kila jaribio linaandikwa."

"Mlinzi wa miaka sitini aibe kumbukumbu, akamuuzie nani?"

"Inspekta, kesho kutwa tunazindua. Funga jalada."

Simu ikaita. Mkuu wa kituo naye alitaka jalada lifungwe.

"Halijaiva, afande," alijibu Sihaba. Akatazama ubao wa ratiba ukutani, akamgeukia Luhende. "Juzi mlikuwa na kikao. Cha nini?"

"Kuchagua mfumo wa kutunza majaribio. Wa zamani unaandika kila kitu wenyewe. Mpya unaandika unachotaka wewe."

"Mkachagua upi?"

"Mpya. Wa zamani ulikuwa ufutwe leo."

"Nani alipinga?"

"Dorcas."

Dorcas Mayala, mhandisi wa miaka ishirini na saba, alikuwa chumba cha pili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Tumechukua alama za vidole kwenye skrubu. Tusubiri majibu, au tuzungumze? Mzee Ngosha yuko mahabusu."

Dorcas aliruka kitini. "Kwa kosa gani?"

"Nadhani lako."

Binti alifungua mkoba, akaweka diski mezani.

"Mwachieni mzee wa watu. Nimeiba mimi; nami nina ufunguo wa kazini. Andika."

"Kwa nini?"

"Humu mna majaribio mia mbili na kumi. Dakta anawatangazia wavuvi kwamba mashine inapatia mara tisini na saba kwa mia. Hilo ni jaribio moja, tena kwa picha ambazo mashine ilishafundishwa nazo. Kwa picha mpya, karibu nusu ya dhoruba zinaipita. Alitaka mfumo utakaobakiza lile moja, mengine yapotee. Kaka yangu anavua Igombe, hapo ziwani. Akiambiwa ziwa limetulia, ataingia."

"Ungekuja kituoni."

"Nije na maneno matupu? Angeshafuta. Sasa kuna wizi, kuna jalada, na hiki ni kielelezo cha polisi. Akifute, tuone!"

Luhende alikuwa amesimama mlangoni. "Utafungwa, binti!"

"Nifungwe. Lakini mahakamani yatasomwa yote, mbele ya watu."

"Wafadhili wasingesubiri," Luhende alimwambia Sihaba, sauti imemshuka. "Nilijua haijakamilika. Tungerekebisha baadaye."

"Baada ya wangapi kuzama?"

Sihaba aliitia diski kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga na kuandika namba. "Dorcas Mayala, uko chini ya ulinzi kwa wizi. Na wewe, Dakta, unaandamana nasi. Uzinduzi hakuna."

Kituoni, Dorcas aligoma kuvuka mlango wa mahabusu.

"Siingii mpaka mzee atoke."

Askari alimtazama Inspekta.

"Umemsikia," alisema Sihaba. "Mfungulie mzee kwanza."

Mzee Ngosha alitoka akiwa ameshika viatu mkononi. Dorcas alimpigia goti. "Shikamoo, baba. Nisamehe." Kisha akasimama, akaingia mwenyewe bila kushikwa mkono.