Harufu Kwenye Turubai la Mahindi

Kuku ndio walioanza. Walikataa kudonoa mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai, pale Waruguru alipozoea kukaa. Kuku wa Kitale kukataa mahindi, jamani!

Waruguru aliugua soriasisi, ngozi ikimbanduka magamba. Kliniki ilimpa vidonge, kisha ikamsimamisha ndani ya kabati la taa, na magamba yakapungua. Alionywa: ukimeza hivi, jifiche jua, ngozi isije ikaungua. Lakini mahindi yataanikwa na nani? Tena akajiambia, kama taa inaponya, jua la bure litaponya zaidi. Akawa anapandisha rinda hadi magotini, kila msimu wa mavuno. Kichwa ngumu, mama yule.

Mwaka 2006 kidonda kikatokea kwenye muundi, kikakataa kufunga. Hospitali ya Lugulu ikasema ni kansa ya ngozi, kikatwe haraka kabla hakijasambaa.

Wiki hiyohiyo, jua la saa saba likiwaka, mumewe Ndung'u akasikia kitu kikilamba.

"Mama Muturi, nini hiyo?" alimuuliza mkewe.

"Shhh! Inakujanga nikikaa hapa. Usiiongeleshe."

Turubai likabonyea kando ya mguu wake, mahindi yakasogea kama yamekaliwa, na harufu ya nyama iliyoungua ikajaa ua wote, ikaingia jikoni, ikawafuata hadi chumbani walikojifungia, na huko nako, chini ya kitanda, kulamba kukaendelea taratibu, bila haraka yoyote.

"Hii si ya daktari," Ndung'u alinong'ona. "Kwanza itolewe."

Wakaenda Bungoma, kwa Wekoye, mganga wa majini wa Kamukuywa. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye jini asiguswe na kisu mpaka jini litoke. Basi upasuaji ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Miezi ikapita kwa moshi na majani, kidonda kikipanuka, na uvimbe ukachomoza kwenye kinena. Inauma kusimulia.

Hatimaye jini likasema kwa kinywa cha Waruguru, sauti nzito ya kiume.

"Naenda. Lakini kidonda si changu. Mimi nilifuata harufu tu."

Upepo wa moto ukapita mlangoni. Kulamba kukakoma.

"Imetoka, mama!" Wekoye alipiga makofi. "Enda ukalale sasa!"

Waruguru akajipapasa kinenani.

"Baba Muturi," aliuliza kwa sauti yake mwenyewe, "kama imetoka, mbona hii uvimbe imebaki?"