Mkate wa Aliyezama

Kengele ililia ndani ya beseni la siki. Goulven akainua kichwa, spana mkononi. Asubuhi alikuwa ameifungua mwenyewe kengele hiyo, springi yake imeliwa na kutu hadi ikawa unga, na kinyundo chake kilikuwa juu ya meza, kando ya kikombe cha kahawa.

"Umeisikia?" akanong'ona.

"Jana pia ililia," bintiye Azenor akajibu. "Nilipoijaribu baiskeli uani. Kengele sikuigusa, Baba."

Ilikuwa baiskeli ya zamani ya safari ndefu. Goulven aliiokota topeni, mfereji ulipokaushwa ili kuta zake zikarabatiwe, na kijiji kizima kikashuka na mabuti kuokota vya kuokota. Shangazi Soazig alimpigia kelele kutoka ukingoni: cha chini ya maji hakichukuliwi kabla mkate wa aliyezama, ule wa kumtafutia maiti majini, haujaelea.

"Shangazi, mfereji mkavu huu. Mkate utaelea wapi? Kwenye kofia yako?"

Watu walicheka. Asiyesikia la mkuu huona makuu, na Goulven alikuwa na masikio ya kusikiliza vyuma tu. Alikwangua rimu kwa msasa, akalainisha pedali kwa mafuta, akabadilisha mnyororo. Azenor alikuwa mwanawe wa pekee, mama yake amefariki, na baba alitaka kumwona akiiendesha hadi baharini.

Baada ya kengele ikaja harufu. Tope bichi la mfereji lilinuka kwenye mkate, kwenye mashuka, kwenye nywele za Azenor hata akitoka kuoga. Kisha taa ya dinamo ikawa inawaka huku gurudumu limetulia tuli, na asubuhi moja Goulven akakuta alama ya matairi yaliyolowa imetoka karakana, imevuka jikoni, imepanda ngazi moja baada ya nyingine, imefika hadi kitandani kwa mwanawe aliyekuwa amelala akikohoa maji meusi, na hakukuwa na alama ya kurudi.

Goulven akamkimbilia Soazig. Bibi huyo hakumsuta.

"Maji yameshafunguliwa leo. Irudishe. Yote, hata nati."

Jioni hiyo, Azenor akiwatazama ukingoni, waliisukumiza baiskeli mferejini pamoja na kengele. Kwa haraka yake Goulven alisahau kinyundo mezani. Soazig akasimika mshumaa uliobarikiwa katikati ya mkate, akauweka majini.

"Utasimama alipo aliyezama," akasema kwa sauti ya chini. "Tutamwombea, naye atapumzika."

Mkate ukaenda hadi pale baiskeli ilipozama, ukazunguka taratibu. Goulven akashusha pumzi, machozi yakamtoka. Ndipo mkate ukageuka, ukaja dhidi ya upepo, moto wa mshumaa umenyooka kama ndani ya nyumba, ukafika ukingoni na kusimama mbele ya viatu vya Azenor.

Soazig akajifanyia ishara ya msalaba, akarudi nyuma.

"Mbona mnaniangalia hivyo?" Azenor akauliza. Maji yalikuwa yakimchuruzika mikononi kutoka ndani ya koti kavu.

"Mwanangu, njoo kwa baba."

Hakuja. Alitabasamu, akanyanyua mkono kana kwamba ameshika usukani, akasukuma hewa kwa kidole gumba. Chini ya maji, kengele ikalia.