Kitufe cha Karibu

Watu arobaini na mmoja ukiwapanga wawili wawili, mmoja lazima abaki amekodoa macho. Hilo halihitaji shule, hata kuku analijua. Ndiyo maana Dada Karibu alishtuka, au tuseme alipaswa kushtuka, siku alipowagawa wafuga nyuki arobaini na mmoja na asibaki hata mmoja.

Jina hilo alipewa na watu wa mikutano. Kazi yake ilikuwa kukutanisha wasioonana: mikutano ya mtandaoni, kila mtu kwake, juu shati la pasi, chini bukta. Hotuba zikiisha, watu hao hawana korido ya kusalimiana wala foleni ya chai ya kuombana namba. Basi yeye ndiye korido, yeye ndiye foleni ya chai. Anawagawa kwenye vyumba vidogo humohumo ndani ya kompyuta, wawili wawili, dakika nne, kengele inalia, wanabadilishana. Akibaki mmoja, anaingia kukaa naye mwenyewe, asijione kama kiatu cha mguu mmoja.

Kabla ya kuingia mkutanoni, mtu husubiri nje mpaka mwenyeji abonyeze kitufe. Bosi alipomwambia atie maneno ya Kiswahili, kitufe hicho alikiandika KARIBU. Kisha watu wakalalamika kwamba wanakalishwa nje kama wagonjwa wa zahanati, naye akakiweka kijibonyeze chenyewe. Yeyote ajaye, saa yoyote, anakaribishwa kabla hajatamka hodi. Akaona amerahisisha kazi.

Siku ile akahesabu tena. Watu kwenye orodha, arobaini na mmoja. Vyumba, ishirini na kimoja, vyote vimejaa. Chumba cha mwisho kilikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya nyuki, na pembeni yake mraba mweusi usio na jina. Ukitega sikio ulisikia pumzi, ile anayovuta mtu anapotaka kuanza kusema, kisha hasemi. Na pale alipokaa Dada Karibu mwenyewe, nyumbani kwake, mezani kati ya jiko na kabati, pakanuka kama nguo zilizolowekwa zikasahauliwa siku tatu.

Akaenda kuangalia beseni. Lilikuwa kavu. Akarudi akapiga kengele.

Msimhukumu. Mumewe alikuwa amefariki miezi saba nyuma, na tangu hapo mwili wake wote ulikuwa kama fizi iliyochomwa sindano na daktari wa meno: unaigusa, unajua ni yako, haikujibu. Msibani hakulia. Watu wakamsifu kwa ujasiri. Ujasiri uko wapi? Ilikuwa ganzi.

Aliyelia ni mtoto. Alikuwa na binti wa miaka tisa waliyemwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa hauna likizo. Kila akirudi shule alitoa ndara za baba yake chini ya kitanda, akazipanga mlangoni, akalia kidogo, akapangusa pua kwa mkono, kisha akaomba chakula. Kila siku ya Mungu. Mama yake alimtazama kama mtu anavyotazama mvua iliyo mtaa wa pili, na moyoni akasema: huyu anatulilia sote, basi inatosha.

Kesho yake yule mzee wa nyuki akaandika: "Niliyekaa naye chumba cha mwisho, naombeni namba yake. Hakujitambulisha. Aliniuliza tu nimempoteza nani. Sijawahi kusikilizwa hivyo."

Bosi akapiga simu huku akicheka. "Dada Karibu, umeona maoni? Kumi juu ya kumi! Huyo bwana ni nani?"

"Sijui, Bosi. Hayumo kwenye orodha."

"Basi mwache humohumo. Waliomo kwenye orodha wanapiga miayo."

Akaachwa. Akaja kwenye mkutano wa wakunga, akaja kwenye mkutano wa walimu wa hesabu, na hata hao walimu wa hesabu hawakuona kwamba hesabu haikai. Kila mara mmoja aliyebaki alipata wa kukaa naye, na kila mara maoni yalikuwa mazuri. Harufu ikahamia kwenye mapazia.

Wiki ya tatu ikaingia simu ya mwanamke.

"Wewe ndiye Dada Karibu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mume wangu mmemfanya nini? Mfuga nyuki. Juzi tumemzika mama yake mzazi, aliyempenda kama mboni ya jicho. Nilipompa habari akasema, 'Sawa.' Nyuki wanamuuma usoni, hata mkono hainui. Nikimuuliza, anasema hana mzigo tena, amebebewa."

"Labda ni majonzi, mama. Watu tunatofautiana."

"Mwanangu, majonzi nayajua, nimelala nayo kitanda kimoja. Huyu hana majonzi. Huyu ni nyumba iliyohamwa."

Dada Karibu akaweka simu chini, akaendelea kukata vitunguu. Vitunguu vinne, vikali, na jicho lake kavu kama kigae. Alipokwenda kutupa maganda akakuta ndara za marehemu zimo ndani ya pipa la taka.

"Chiriku! Ndara za baba zimefikaje huku?"

"Nimezitupa."

"Kwa nini?"

"Hazina mtu." Alisema kama anayesoma ubaoni. Kabla ya kusema alivuta pumzi, na kati ya pumzi na neno ulipita muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili.

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Rafiki yako wa kwenye kompyuta. Yule mweusi asiye na uso. Ulipokuwa nje unaanua nguo aliniuliza nimempoteza nani. Nikamwambia. Akasema nimpe anibebee."

"Ukampa nini?"

Mtoto akafikiri. "Sikumbuki. Kilikuwa kizito." Kisha akakaa akatazama ukuta, mikono mapajani, Chiriku huyo ambaye hata usingizini alikuwa anasimulia.

Hapo, ndani ya ganzi, kitu kikagonga. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa kama kusikia jirani anapigilia msumari upande wa pili wa ukuta. Kwamba leo mtoto ametupa ndara. Kesho atasahau aliyezivaa. Keshokutwa atamtazama mama yake na kusema, huyu naye hana mtu ndani. Na hatakuwa amekosea sana.

Akamwita dada wa marehemu. Huyu Shangazi alikuwa fundi cherehani, futi ya kupimia haitoki shingoni, lakini mambo yakishindikana hospitali watu walimfuata kwa shughuli nyingine, nayo hakuitangaza. Bosi alipoambiwa kwamba kazi itasimama kidogo kwa sababu ya wifi, akadhani mtandao umekatika, akatoa pole.

Shangazi hakuketi. Alimtazama mtoto, akanusa pazia.

"Harufu hii ina muda gani?"

"Wiki tatu, wifi."

"Wiki tatu unaishi na uvundo, umenyamaza?"

"Nilidhani ni beseni."

"Beseni! Wewe wifi yangu, siku ukiungua utadhani jirani kaunguza maharage." Akashusha sauti. "Nani alimwambia karibu?"

"Hakuna. Ni kitufe."

"Kitufe kina mdomo? Neno ni la nani?"

"Langu."

"Basi mgeni ni wako. Jini haingii bila karibu, na hatolewi na mtu asiyemkaribisha. Mimi nikimfukuza atanicheka tu. Iondoe hiyo karibu yako. Akijikuta nje atabisha hodi, maana majini wana adabu kuliko watu wengi ninaowashonea. Hodi ni tatu. Asipojibiwa ya tatu, anakwenda zake. Usimjibu. Hata kikohozi."

"Na mtoto?"

"Mtoto nampeleka dukani nikanunue uzi, asije akajibu yeye."

Walijiona wajanja. Mgeni anatolewa nje, na mtoto anapelekwa wapi? Nje. Lakini watu wazima wawili, kila mmoja na akili zake timamu, hawakuliona.

Ilikuwa saa kumi alasiri, jua limejaa sakafuni, sufuria za majirani zinagongana. Dada Karibu akajifunga mtandio mdomoni, akafungua kompyuta, akakizima kile kitufe cha kujibonyeza. Mraba mweusi ukatoweka. Palepale juu ya kioo pakatokea maandishi: Mmoja anasubiri nje.

Kisha herufi nne, moja baada ya moja, kama zinaandikwa na mtu anayejifunza.

Hodi.

Akanyamaza. Hiyo ilikuwa moja, tena nyepesi.

Sufuria za majirani zikaacha kugongana, na harufu ya maji yaliyooza ikatoka mapaziani ikasogea mpaka kwenye meza, ikamkaa juu ya ulimi, na kwenye spika ikaanza ile pumzi, ikavutwa, ikavutwa, ikavutwa kupita kiasi ambacho kifua cha binadamu kinaweza kubeba, na mwisho wake ikatoka sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miezi saba, ya mumewe, na kile kikohozi chake kidogo katikati kama mtu aliyejikwaa na unyoya: "Ho… di, mama Chiriku." Na mdomo wake ukafunguka wenyewe ndani ya mtandio, maana ulikuwa mdomo uliozoea, uliosema karibu mara mia mbili kwa siku kwa watu asiowajua, na ulimi ulikuwa tayari umeinuka kulishika lile neno, alipokumbuka kwamba mume yule, katika miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuwahi hata siku moja kubisha hodi nyumbani kwake. Alikuwa anatikisa funguo. Mwenye nyumba habishi hodi.

Akauma mtandio. Mbili.

Kompyuta ikazimika. Akangoja ya tatu, macho yakiwa kwenye kioo cheusi, na haikuja. Jua lilikuwa palepale sakafuni. Akaanza kudhani imekwisha, akasikia kandambili kwenye saruji ya nje, na mlango, mlango wa kweli wa mbao, ukasukumwa.

Chiriku alikuwa amesimama nje ya kizingiti. Nyuma yake Shangazi, mfuko wa uzi umemdondoka, anamvuta mtoto bega kwa mikono miwili, na mtoto hatikisiki, kama nguzo iliyochimbiwa. Shangazi alikuwa anatingisha kichwa kumwambia wifi yake jambo, lakini jambo lenyewe lilikuwa halisemeki.

Mtoto akavuta pumzi. Muda ukapita.

"Hodi," akasema.

Dada Karibu akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anavyoelewa kwamba ameacha jiko linawaka. Akinyamaza, hiyo ndiyo ya tatu, na aliyeko nje atakwenda zake, naye hatakwenda mikono mitupu. Akisema karibu, wataingia wote wawili, na hakuna wa kumtoa tena. Macho ya mtoto yalimtazama bila haraka. Ndani yake alitafuta machozi, hofu, chochote cha kumsaidia, akakuta ganzi ileile, imetulia. Basi akatumia kilichobaki, ambacho ni mazoea. Akavua mtandio mdomoni.

"We mtoto una wazimu?" akafoka. "Tangu lini unabisha hodi kwenu? Mgeni ndiye anayebisha hodi. Wewe ni mgeni hapa? Ingia ndani, vyombo vya mchana umeniachia mimi!"

Hamkuwa na karibu humo, wala hapakuwa na kimya.

Mtoto akapepesa macho. Akatazama kizingiti kama amekiona sasa hivi. Pumzi iliyokuwa imevutwa ikamtoka, ndefu, yenye harufu ya beseni, ikaendelea kutoka hata baada ya kifua chake kidogo kuwa kimeshuka chote, na jani la mwembe wa uani likatikisika peke yake. Mikono ya Shangazi ikateleza. Chiriku akaanguka ndani kwa magoti.

"Nilikuwa naviosha," akasema. "Ndara za baba ziko wapi? Mama, ndara za baba!"

Akazifuata pipani mwenyewe, zina maganda ya vitunguu, akazikumbatia na uchafu wake, akalia mpaka akapaliwa. Na mama yake, aliyekuwa amesimama anamwangalia, akahisi kama mtu wa jino dawa ikimtoka: kwanza kuwashwa, kisha joto, kisha lile lenyewe. Akakaa chini palepale jikoni. Hakikuwa kilio cha kupendeza. Makamasi, kwikwi, na sauti kama ya ng'ombe. Majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Shangazi akawajibu mlangoni, "Yuleyule wa miezi saba nyuma. Habari imechelewa kufika."

Siku tatu baadaye mke wa mfuga nyuki akapiga simu: mzee ameamka akimlilia mama yake, sasa analia na uso umevimba, na yeye mke ameshukuru.

Kitufe kikaandikwa upya. Sasa kinasema NANI? na hakijibonyezi chenyewe. Wanaokutana wanalalamika tena kwamba wanakalishwa nje, Bosi analalamika kwamba maoni yameshuka, na siku idadi ikiwa witiri Dada Karibu anaingia kukaa na aliyebaki, dakika nne, kama zamani.

Shangazi alipokuja kuleta sare ya shule aliyoishona, alimkuta wifi yake anaonekana mtu. Wakanywa chai. Ndara zilikuwa mlangoni.

"Wifi," Dada Karibu akauliza, "amekwenda kweli?"

Shangazi akakoroga chai ambayo sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Nimeifikiria hiyo. Mbili alibisha mwenyewe. Ya tatu ilitoka kwenye mdomo wa mtoto, na mtoto ni wa nyumba. Haihesabiki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado anayo moja."

Kompyuta ilikuwa wazi mezani, mkutano wa saa nane ulikuwa haujaanza, hakuna aliyealikwa bado. Chini ya kitufe paliandikwa: Mmoja anasubiri nje. Na pembeni vilicheza vile vidoti vitatu vya mtu anayeandika, vikaja, vikapotea, vikaja, bila kuwa neno.