Kona Isiyo na Mwenyewe

Ndugu zangu, ninyi mnaotoka asubuhi na kurudi jioni mkiwa mmechoshwa na njia kuliko kazi, nipeni masikio kidogo niwasimulie habari ya jirani yangu. Simsengenyi. Suti niliyovaa siku ya kumwoza binti yangu aliishona yeye, na mpaka leo hainibani popote.

Tulimwita Fundi Suti. Nyumba yake iko pale barabara ya mtaa wetu inapopinda kurejea barabara kuu. Chumba cha mbele ndicho duka: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na mkewe, Mama Pacha, akitia vifungo karibu na dirisha. Mbele ya duka palikuwa na kipande kitupu cha ardhi, kimeungana na barabara, hakina ua wala jani. Kuku walichakura hapo. Ukipita haraka ungedhani hakina kazi.

Kazi yake ilikuwa moja tu. Basi la jiji lilikuwa linaingia mpaka mtaani kwetu. Likifika kwenye kona lilipanua, pua yake ikapita juu ya kile kipande kitupu, mwili ukafuata, kisha likanyooka na kusimama karibu na mlango wa Fundi Suti. Dereva wake tulimwita Taratibu, maana hatukuwahi kumwona na haraka. Na hapo mlangoni, kila Jumanne asubuhi, alikuwa amekaa mama yake Fundi, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi.

Bibi alipata kiharusi kikamwachia mguu wa kulia mzito. Kila Jumanne alikwenda hospitali kufanyishwa mazoezi, na mtaalamu alishamwambia kwamba mguu ule utarudi, lakini usiachwe ukalala. Alikuwa akienda peke yake, na hilo lilikuwa fahari yake. Kondakta alishuka, akamwamkia, akanyoosha mkono amsaidie kupanda.

"Marahaba, baba," Bibi alimjibu. "Mkono wako uache. Mguu huu bado naufundisha."

Akashika chuma cha mlangoni, akapandisha mguu mzima, akauvuta ule mwingine. Abiria walimsubiri bila kunung'unika. Hivyo ndivyo asubuhi zetu zilivyokuwa, na hatukujua kwamba tulikuwa na bahati.

Siku moja lori likamwaga mchanga pale kwenye kipande kitupu. Fundi Suti alikuwa anataka chumba cha wateja kujaribia nguo, chenye pazia, benchi na kioo cha kumwonyesha mtu mzimamzima.

"Baba Pacha," mkewe akamwambia, "hapo si ndipo basi linapogeuzia?"

"Basi linageuzia barabarani. Hapa ni pembeni."

"Umemuuliza nani?"

"Nimuulize nani? Kikona hiki hakina mwenyewe. Kingekuwa na mwenyewe angekwishajitokeza."

Neno hilo, hakina mwenyewe, likapendwa mtaani kuliko chumba chenyewe. Kuta zilipoinuka na hakuna aliyekuja kuuliza, jirani wa mbele akasogeza ua wake wa mabati. Mwenye duka la dawa akajenga ngazi pana zilizofika barabarani, akasema ni kwa ajili ya wagonjwa. Kila mmoja alichukua kidogo tu. Hakuna aliyejiona mwizi, na ukiangalia kipande cha kila mmoja peke yake, kweli kilikuwa kidogo.

Taratibu alipofika kwenye kona siku ya kwanza baada ya ukuta kukamilika, alipeleka basi mbele, akarudisha nyuma, akapeleka mbele tena. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Mtu yule ambaye hatukuwahi kumwona akitoka jasho akajifuta uso, akashuka.

"Fundi, umenibana."

"Dereva ni wewe. Kata kona."

"Kona naikata kwa usukani, Fundi, si kwa mkasi."

Tulicheka wote, na Fundi Suti alicheka kuliko sisi. Lakini basi likaendelea kuhangaika pale kila siku, likachubuka ubavu, likakwamisha msafara nyuma yake, mpaka watu wa ofisi ya mabasi wakaja kutazama. Walitazama, wakatikisa vichwa, wakaondoka. Tangu hapo basi halikuingia tena mtaani. Kituo kikahamia barabara kuu, huko ng'ambo ya mtaro, kwenye mteremko ambao hata mimi mwenye miguu miwili mizima naushuka nikijishikilia.

Sasa tazameni mambo yanavyofuatana. Mwalimu wa kike wa nyumba ya kati alichoka kupanda mteremko ule na madaftari, akanunua gari. Muuza simenti akanunua lake. Mwenye duka la dawa akanunua, na kwa kuwa ngazi zake zilikula nafasi ya kuegesha, akawa anaegesha mbele ya nyumba ya mwenzake. Watu waliokuwa wakienea kwenye basi moja sasa kila mmoja alikaa peke yake nyuma ya usukani wake, wakifuatana kwenda upande uleule wa mji. Mdomo wa mtaa ukaziba. Asubuhi ukifungua dirisha unasikia honi kabla ya jogoo.

Fundi Suti naye akanunua gari, la kumpeleka Bibi hospitali. Nia ilikuwa njema, sitamnyima hiyo. Akamkalisha mama yake kiti cha mbele, akamfunga mkanda, wakatoka vizuri mpaka mdomo wa mtaa, na hapo wakaganda. Yeye akatoa kichwa nje ya dirisha.

"Serikali imelala," alisema. "Angalia watu wanavyoteseka. Barabara hawapanui."

Bibi alitazama mbele, kwenye mkia wa magari.

Walipofika hospitali, zamu ya Bibi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Jumanne iliyofuata ikawa hivyohivyo. Nyingine waliwahi, nyingine walichelewa, na nyingine Fundi Suti alikuwa na bwana harusi wa kumkamilishia suti, hakuna wa kuendesha. Mtaalamu aliukunja mguu wa Bibi, ukagoma katikati. Akamwambia Fundi kwa upole kwamba kiungo kinaanza kukaza, na kikishakaza sana hakuna zoezi litakalokirudisha kama kilivyokuwa. Fundi Suti akamrudisha mama yake garini. Alimpenda mama yake, ndugu zangu. Mapenzi hayakupungua hata siku moja, ila yalikuwa yamekaa ndani ya gari, kwenye foleni.

Kisha Bibi akaacha kwenda. Hakugombana na mtu. Jumanne moja alisema tu, "Leo nimechoka," na Jumanne iliyofuata hakuna aliyemuuliza. Akawa anashinda kwenye kiti ndani ya duka, karibu na kile chumba kipya, anatazama pazia.

Jambo lililomgeuza Fundi Suti lilitokea mchana mmoja wa kawaida kabisa. Mteja alileta koti lililoshonwa kwingine, akalivaa mbele ya kioo, akajaribu kukunja mkono. Mkono ukakwama njiani. Mimi nilikuwa pale nimefuata suruali yangu.

Fundi Suti akapapasa kiwiko cha koti lile, akaguna. Kama kuna kitu kinachompandisha hasira, ni ushonaji mbovu.

"Aliyekushonea huyu hakuachia nafasi," alisema. "Amebana kitambaa. Mkono ukinyooka, sawa, unapendeza. Lakini mtu hukunja mkono. Mahali panapokunja lazima uache nafasi, hata kama ukiitazama imekaa bure. Sasa huyu alitaka mkono ukunje vipi?"

"Na basi likunje vipi?"

Sauti ilitoka kwenye kiti. Ilikuwa ya chini, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mama Pacha aliacha sindano hewani. Mteja, mkono wake ukiwa bado umekunjwa nusu, akatutazama mmoja mmoja asielewe.

"Mama," Fundi Suti alisema, "kile kikona... mbona hakikuwa na mwenyewe."

"Kilikuwa naye, mwanangu," Bibi akasema. "Mwenyewe ni mimi. Nilikuwa nakitumia kila Jumanne."

Fundi Suti alimvua mteja koti taratibu, akalikunja, akaliweka mezani. Alikaa kwenye benchi ndani ya kile chumba chake, pazia likiwa wazi, akajiona mzimamzima kwenye kioo. Nilichukua suruali yangu nikaondoka bila kuijaribu. Kuna nyakati jirani mwema anaonyesha mgongo.

Kesho yake asubuhi tulisikia nyundo. Alivunja mwenyewe, na kwa kuwa mikono yake imezoea sindano, malengelenge yalimtoka mapema. Waliompita walimtania. Mmoja akamuuliza kama anaupunguza ukuta kiunoni. Fundi Suti akajibu kwamba la, anauondoa wote, na akimaliza atakuja kwake kumpimia ua. Jamaa akaacha kucheka.

Maana kona ile sasa ilikuwa imebanwa na wengi. Alikwenda nyumba kwa nyumba. Jirani wa mabati alimwambia wazi, "Wewe ndiye uliyetufundisha." Fundi hakubisha. "Ndiyo," alisema, "na nimekuja kuwafundisha kuvunja." Mabati yakarudi nyuma. Mwenye duka la dawa alikaza shingo zaidi ya wote, mpaka Mama Pacha alipomwomba aje amtazame mgonjwa aliyejengewa ngazi zile. Alimkuta Bibi kwenye kiti, akasimama mbele yake muda mrefu, akaagana naye. Ngazi zikavunjwa wiki ileile.

Ofisi ya mabasi haikukimbia kurudi kwa sababu sisi tumetubu. Walituzungusha, tukarudi, wakatuma mtu, akapima, akaondoka. Mpaka asubuhi moja ya Jumanne, tukiwa tumeshakata tamaa nusu, likaonekana lile basi, na Taratibu kwenye usukani. Lilifika kwenye kona, likapanua, pua ikapita juu ya kipande kitupu, mwili ukafuata. Kuku wakaruka kando. Likasimama mlangoni.

Bibi alikuwa amevaa kanga mpya. Kondakta alishuka, akamwamkia, ila mkono hakunyoosha, kwa kuwa aliikumbuka desturi yake. Bibi akashika chuma cha mlangoni, akapandisha mguu mzima. Akauvuta ule wa kulia. Haukuja. Akauvuta tena. Sote tuliokuwa pale tulitazama chini.

Ndipo Bibi akageuka, akanyoosha mkono yeye.

"Nishike, baba," alimwambia kondakta. "Mguu umesahau."

Fundi Suti alikuja upande wa pili, wakampandisha pamoja. Gari lake lilikuwa limeegeshwa pembeni, hakuligeukia. Alipanda na mama yake, akakaa naye kiti kimoja, na nilipomwona dirishani alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha.

Siku hizi wanakwenda pamoja. Mguu wa Bibi unakunja, si kama zamani, na kupanda bado anashikwa mkono. Magari mengi ya mtaani kwetu hushinda nyumbani siku za kazi, na mdomo wa mtaa unapitika. Foleni ya jiji zima haijaisha, sitawadanganya, lakini kipande chetu tumekirudisha.

Funzo

Ndugu zangu, tukikaa kwenye foleni kila mmoja wetu anamtafuta mkosaji mbali. Serikali ina wajibu wake, na tuudai bila kuchoka. Lakini kabla hujatoa kichwa dirishani kulaumu, jiulize ukuta wako umeishia wapi, gari lako umeliegesha wapi, na kama kweli unahitaji kwenda peke yako huko ambako jirani yako pia anakwenda. Barabara, kama koti, inahitaji nafasi mahali inapokunja. Ukiona mahali pa wote pamekaa patupu, usiseme hapana mwenyewe. Mwenyewe yupo. Huenda amekaa nyumbani kwako, kwenye kiti, anasubiri basi ambalo haliji.