Siku Barabara Ilipofungwa Misikhu

"Kobe ametoka ghalani. Asifike Bungoma."

Amri hiyo iliingia kwenye simu ya Rispah Wepukhulu asubuhi, akiwa Kitale. Kufikia mchana, jasusi huyo alikuwa ndani ya Kobe mwenyewe.

Kobe lilikuwa lori la Isuzu. Juu, magunia ya mahindi. Chini yake, baruti ya kuangusha hoteli nzima. Rispah alikuwa amefunua turubai ili ahakikishe.

Harmsen, mwenye shehena hiyo, alikuwa nyuma ya magunia, akimngoja.

Sasa Rispah alikaa katikati. Kulia kwake, dereva Kiptanui. Kushoto, Harmsen, na bastola ya Glock chini ya koti lililolazwa mkononi, mtutu wake ukiwa kwenye mbavu za Rispah.

Kiminini walikuta kizuizi cha polisi.

"Wewe ni mke wa dereva," Harmsen alisema. Alikuwa ameuza silaha miaka mingi katika nchi hizi, na Kiswahili alikijua. "Ukikohoa, unakufa pamoja na huyo polisi."

Polisi alichungulia. "Mama, habari ya safari?"

"Njema, afande."

Akawapungia mkono wapite.

Nokia ya Rispah ikalia. Harmsen akaiwasha spika. Aliyepiga alikuwa Kipketer, mkuu wa Rispah, akiwa kwenye hoteli ya Bungoma. Jioni hiyo wajumbe wa nchi nne wangetia sahihi mkataba hapo: mipaka yao italindwa na askari wao wenyewe, kwa pamoja.

"Umempata Kobe?"

Bastola ikasukumwa zaidi.

Rispah alipima. Akifa hapa, lori litafika. Akiishi, labda atalizuia.

"Ni mahindi tu, mkuu."

"Sawa. Nawaondoa vijana wa Webuye."

Simu ikakatika. Webuye ndipo mtego wa mwisho ulikuwa umewekwa.

Sasa hakuna aliyekuwa akiwangoja.

"Umefanya vizuri," Harmsen alisema. "Wajumbe wakifa, serikali zote nne zitaogopa. Zitaikodi kampuni yangu ilinde mipaka. Zama za mataifa zinaisha, Rispah. Kila kundi lina mkubwa wake, na kila mkubwa ana bei yake."

Pengine, Rispah aliwaza, alikuwa anasema kweli kuhusu wakubwa aliowajua.

Wakapita Kamukuywa. Upepo ukaleta mlio kupitia dirishani.

Njuga.

Ilikuwa Agosti, mwaka 2006. Mwaka usiogawanyika kwa mbili hauna tohara kwa Wabukusu. Huu ulikuwa unagawanyika. Harmsen alikuwa amekagua madaraja, vizuizi na mafuta. Hilo hakuulizia.

Misikhu, barabara ilijaa watu. Mtahiriwa alikuwa akitoka kwa mjomba wake, njuga mikononi, shangazi zake wakimzunguka kwa nyimbo.

"Piga honi," Harmsen aliamuru.

Kiptanui akapiga. Hakuna aliyegeuka.

"Pita katikati."

"Siwezi kanyaga watu, bana. Niue kama unataka." Kiptanui akazima injini.

Harmsen akamgeukia Rispah. "Mkubwa wao ni nani? Nitaongea naye."

"Hakuna."

"Lazima awepo."

"Si hapa."

Mama mmoja mnene, majani kichwani, akafungua mlango wa kushoto. "Ati mzungu anapigia mtoto wetu honi? Shuka ucheze, basi tukusamehe."

"Sina wakati."

"Mwenye hana wakati anaenda wapi?"

Wenzake wakacheka. Wakamshika mkono mmoja. Wakamshika wa pili. Koti likateleza. Glock ikaanguka miguuni pa Rispah, naye Harmsen akashukia mikononi mwa shangazi kumi wenye furaha.

Rispah aliiokota, akaificha chini ya koti lile lile, akashuka. Harmsen alikuwa akirushwarushwa, uso mwekundu. Mkono wake ulikuwa unatafuta mfuko wa shati.

Rispah akaufikia kwanza. Akatoa rimoti ya kulipulia baruti, akaing'oa betri. Kisha akamfunga pingu, taratibu, bila kuharibu wimbo.

"Huyu ni wako?" mama yule akauliza.

"Wa serikali, mama."

"Mchukueni. Hajui kucheza."

Rispah alichukua Nokia yake. "Mkuu, nilidanganya. Bastola ilikuwa mbavuni. Warudishe vijana, waje Misikhu na mtaalamu wa mabomu."

"Na Kobe?"

"Amesimama. Waambie wajumbe watie sahihi."

Akawaomba shangazi wamsogeze mtoto mbali na lori. Wakasogea, wakiimba.

Harmsen, ameketi kando ya barabara, alimtazama. "Nani aliwalipa hawa?"

Rispah akalikung'uta koti vumbi, akamwekea mabegani.

"Hakuna. Ndiyo maana hukuwaona," alisema, akatembea kuelekea kwenye njuga.