Pacha wa Nyumba ya Hilkka

Unacheka? Cheka tu. Wewe umesoma, mimi niliishia darasa la sita, lakini Jumamosi ile kwetu Kuhmo, kwenye nchi ya theluji, nilikuwepo mimi, si wewe. Basi funga mdomo.

Jirani yangu Hilkka alianza kusahausahau. Binti yake Tuire, anayekaa mji wa mbali, Turku, akajaza vitambuzi nyumba nzima, akatengeneza pacha wa nyumba ndani ya kompyuta. Akivaa miwani yake ya kompyuta hutembea humo kama yuko kwao, na humwona mama yake kama kivuli cha kijivu. Akaiamuru na sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, ijizime mara tu mtu wa mwisho akitoka. Hapo ndipo alipokosea. Sisi mvuke wa mwisho hatuuzimi; tunamwachia mwenye sauna, jini aliyekuwemo kabla yetu.

Wiki ya tatu Tuire akanipigia simu. "Shangazi Aune, mama ana mgeni? Naona vivuli viwili."

"Mgeni gani? Mama yako hata paka wamemhama."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, akapiga tena. "Shangazi, kimbia! Mama yuko saunani, joto linapanda, naizima haizimiki, na yule mwingine ameushika mlango!"

Nikafika mbio, simu mfukoni haijakatwa. Mlango wa sauna hauna kufuli, tangu enzi za babu zetu. Nikauvuta kwa mikono miwili, haukutikisika, na ndani mawe yalikuwa yanafoka mvuke huku Hilkka akilia kwamba hajamwaga maji, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya kwenye mbao, na chini ya kilio chake nikamsikia mtu mwingine anapumua, taratibu, kama aliyestarehe.

"Mzee wangu," nikanong'ona, "umedhulumiwa. Chukua mvuke wako, utupe mtu wetu."

Mlango ukaachia. Hilkka akatoka mwekundu, kimya. Nikamfunika taulo, nikamkalisha barazani, kile chumba kidogo cha mbele kisicho na moto, kwenye baridi kali.

"Nimemtoa, binti," nikasema kwenye simu.

Tuire akajibu kwa sauti ya chini. "Shangazi, mama bado yumo. Kalala benchi la juu. Hapo barazani uko wewe… na yule."

Pumzi yangu ilikuwa inatoka moshi mweupe. Nikamtazama Hilkka mdomoni. Hakutoa moshi.

"Mrudie mama! Shangazi, nakuomba!"

Nikaukimbilia mlango wa sauna. Ulikuwa umeshajifunga, haukuvutika, na ndani hakuna aliyelia tena. Nyuma yangu yule wa barazani akaanza kuinuka.

Nikaiweka simu sakafuni, Tuire akiwa bado anaita, nikatoka nje, nikaufunga mlango wa baraza.